Kuvu ya Korongo na Kuvu ya Ukuta

3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka mchana, wakati mwenyekiti wa kamati ya maji akisoma barua yangu kwa sauti ya mtu anayetaja vyombo vilivyovunjika. Alipofika kwenye neno "kuvumwani" alisita, akavua miwani, akaniuliza: "Mama, huu si ule ukoga tunaoukwangua bafuni?" Kamati nzima ikacheka. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke, kisha nikawaambia ndiyo, ni ule ule, yale majani madogo ya kijani yanayovaa mawe yenye unyevu, na kwamba yalikuwepo duniani kabla ya bafu, kabla ya maua na kabla ya kamati.

Kesi yenyewe ni hii. Wanataka kupasua Korongo, lile bonde jembamba la mawe juu ya mji, wajenge ukuta wa kuzuia maji na kutandaza bomba hadi mtaa wa Mlimani, ambako hakuna nyumba hata moja yenye bomba. Kwenye mawe ya Korongo inaota kuvumwani ambayo sisi wa chumba cha mimea, tunaohifadhi mimea iliyokaushwa, tunaiita kwa kifupi kuvu ya Korongo, ingawa si kuvu hasa. Mjini, kwenye kuta zenye unyevu, inaota ndugu yake, kuvu ya Ukuta. Kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha. Mimi nasema ni spishi mbili, na sheria inasema mahali panapoota kiumbe kisichopatikana kwingine hapajengwi. Mhandisi wa mradi anasema ni spishi moja. Na mhandisi wa mradi, kwa bahati yangu, ni wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Alisimama na koti lake la kazini, saruji mpaka kwenye kola. "Ndugu wajumbe," akasema, "wifi yangu ana kuvu moja iliyoshiba maji na nyingine yenye kiu. Akiinywesha hiyo ya ukutani vya kutosha, itakuwa ya Korongo."

Wakacheka tena. Wamenipa mpaka mwisho wa masika nithibitishe. Nitathibitisha, na kicheko chao nitawarudishia kijiko kwa kijiko.

4 Machi

Mvua. Nimepeleka makala gazetini. Mhariri amefuta "majuha" akaweka "wajumbe". Sioni tofauti.

7 Machi

Jumapili. Nimepanda Mlimani kumwona Mama, anayeishi na kaka. Wifi nilimkuta mlangoni, ndoo kichwani.

"Karibu, mtetezi wa ukoga. Tazama unapokanyaga, usije ukawaumiza ndugu zako."

"Ahsante, Mama Saruji. Nimekuja kumsalimia mama yangu, sikuja kwako."

"Na maji ya kunawa utatumia ya nani?"

Kaka yangu akainama kutafuta kitu chini ya kochi. Anakitafuta kitu hicho tangu alipooa. Mama akasema kutoka jikoni: "Mkimaliza kung'atana mniambie nipakue."

Wakati wa kula wifi alieleza, bila hata kunitazama, kwamba kisima cha mtaa kiko chini ya vyoo vya mtaa wa juu. "Mvua ikizidi," akasema, "tunakunywa majirani." Nikamwambia maji yanaweza kuvutwa kwa pampu kutoka mto wa chini, na kwamba kupasua Korongo ni uvivu wa wahandisi tu.

"Yanaweza," akasema. "Mwaka gani?"

Nilipofika nyumbani nilifungua bomba la jikoni, nikajaza birika, nikaketi kuandika makala nyingine.

10 Machi

Korongo. Nimekwenda peke yangu na kisu, bahasha za karatasi na viatu vinavyovuja. Huwezi kuingia bila kupita kiubavu. Jiwe linakugusa kifua na mgongo kwa pamoja. Ndani hakuna upepo. Maji hayaanguki, yanatambaa ukutani kama jasho, na ukuta wote ni kijani, kijani juu ya kijani, laini kama mgongo wa mnyama aliyelala. Nilipoweka kiganja kikazama mpaka kwenye kifundo. Nimesoma vitabu vingi na kugombana na wengi wa walioviandika, lakini pale sina la kubisha. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Watu watakaolipasua Korongo hili hawajawahi kuingia ndani yake. Hilo nitaliandika gazetini.

13 Machi

Kazi yetu inavyofanywa: jani la kuvumwani ni dogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Unalilowesha kwenye maji ya vuguvugu, unalibana katikati ya karoti iliyopasuliwa, unakata karoti na jani kwa pamoja kwa wembe, vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha unatafuta kile kipande kimoja ambacho hakikuchanika na kukiweka juu ya kioo chini ya hadubini. Kuvu ya Korongo ina ukingo wa jani wenye tabaka mbili za seli, kama pindo la nguo lililokunjwa na kushonwa. Kuvu ya Ukuta ina tabaka moja, pindo lililoachwa wazi. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kwa pindo hilo nimeapa kuzuia bwawa.

Nimeweka trei mbili nyuma ya ofisi. Kuvu ya Ukuta, niliyoibandua kwenye nguzo ya lango letu, iko chini ya mchirizi wa paa, inywe mpaka itapike. Kuvu ya Korongo iko barazani, pakavu, ipate tone kwa tone. Kama wifi anasema kweli, majani mapya yatabadilishana pindo.

Bwana Makabati, mkuu wa chumba cha mimea, alinitazama nikipanga trei. Tunamwita hivyo kwa sababu anayapenda makabati yake kuliko mimea iliyomo. "Unajisumbua," akasema. "Aliyeigundua alishasema ni mbili."

"Aliyeigundua hakuwa na wifi kama wangu."

17 Machi

Mvua.

18 Machi

Mvua. Karoti zimekwisha, mke wa Bwana Makabati ameuliza kama tunafuga sungura.

26 Machi

Barua tatu gazetini za kuniunga mkono. Watu wasionijua wananiita "sauti ya Korongo". Nimezisoma mara mbili kila moja, kisha nimejiambia ni kwa ajili ya kusahihisha sarufi.

2 Aprili

Kaka amepiga simu alfajiri. Mama anahara tangu juzi, na joto limempanda. Walikuwa hawataki kunisumbua. Kunisumbua!

3 Aprili

Hospitali. Wodi ya wanawake imejaa, na wengi wao wametoka Mlimani. Nilijua kwa jinsi walivyoamkiana kitanda kwa kitanda kama wako kwenye uzio wa nyumbani. Mvua ya wiki iliyopita ilifurika, vyoo vya juu vikamwagika, kisima kikachukua vyote. Kitanda cha tatu kutoka kwa Mama kulikuwa na mwanamke anayeshona nguo jirani na kaka, amemshika mtoto wake wa kunyonya. Leo jioni kitanda kile kimetandikwa shuka jipya. Nilidhani wameruhusiwa. Nikamuuliza muuguzi kama mtoto amepata nafuu, na muuguzi akaniangalia, akaendelea kukunja blanketi.

Mama amenywea kama tunda lililosahauliwa. Mkono wenye dripu haujazi kiganja changu.

Wifi alikuja akitoka kazini, akamwosha Mama toka kichwani hadi miguuni kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe na kuyabeba kwenye madumu. Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeandaa majibu, mazuri sana, yenye tarehe na vifungu vya sheria. Akamaliza, akakunja taulo, akasema: "Wifi, nenda kalale. Nitakaa mimi." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

6 Aprili

Mama amekunywa uji. Nusu kikombe.

9 Aprili

Nimehamia Mlimani mpaka Mama atoke. Nachemsha maji. Sijawahi kujua kwamba sufuria ya maji inachukua muda mrefu hivi kuchemka, na kwamba ikichemka unaanza nyingine. Mikono yangu ya kushika kalamu imetoka malengelenge kwa vipini vya madumu. Wifi aliyaona jana, akaniletea kitambaa nifunge. "Saruji inafanya hivyo hivyo," akasema, "baadaye inazoea." Nimemwita mengi mwanamke huyu, mengine kwa maandishi. Sikuwahi kumwita mvivu mpaka ile Jumapili, na sasa namwona akiamka kabla ya wote na kulala baada ya wote.

Hata hivyo hoja yangu iko palepale. Uchungu si ushahidi, wala uchovu wa wifi haubadilishi pindo la jani.

Nikiwa nangoja maji nilibandua donge la kuvumwani nyuma ya bafu la Mama, pale maji ya kuogea yanapotokea. Bwana Makabati amelalamika kwamba nguzo moja ya lango si mji mzima, na kwa mara moja amesema kweli. Nitaliongeza kwenye ulinganisho.

16 Aprili

Ushindi!

Nimekata majani mapya ya trei zote mbili. Kuvu ya Ukuta imekunywa mvua mwezi mzima na pindo lake ni tabaka moja vilevile. Kuvu ya Korongo imekaa na kiu wiki baada ya wiki, imejikunja, imekuwa na rangi ya tumbaku, lakini kila jani jipya lina tabaka mbili. Maji hayahusiki. Ni spishi mbili, na mtu yeyote mwenye wembe na karoti anaweza kuja kutazama. Bwana Makabati amenipa mkono. Ameagiza hata chai.

Jioni nikakata na lile donge la bafuni kwa Mama, kumalizia tu.

Tabaka mbili.

17 Aprili

Nilidhani nimechanganya vioo. Nikaosha vyote, nikachukua wembe mpya, nikakata tena kutoka kwenye bahasha yenye mwandiko wangu. Tabaka mbili. Jani lingine: tabaka mbili. Nikaenda mwenyewe Mlimani, nikabandua nyingine palepale nyuma ya bafu, nikairudisha mkononi bila kuitia mfukoni, kama mtu aliyebeba yai. Tabaka mbili, pindo limekunjwa na kushonwa, safi kuliko zote nilizokata mwaka huu.

Kuvu ya Korongo, adimu, isiyopatikana kwingine duniani, inakunywa maji ya sabuni ya mama yangu.

21 Aprili

Siku nne nimezunguka mji na kisu. Mtaro wa shule. Ukuta wa nyuma wa stendi, ambapo wanaume wanajisaidia. Makaburini. Ngazi za kwangu mwenyewe. Sehemu nyingine ni tabaka moja, nyingine mbili, mara nyingine zote mbili zimekumbatiana kwenye tofali moja. Mlinzi wa stendi aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nilikuwa natafuta kitu adimu. "Umekipata?" Nikamwambia tatizo ndilo hilo.

22 Aprili

Leo nimefungua makabati. Bahasha zote za kuvu ya Ukuta zilizokusanywa tangu chumba kianzishwe. Nimekata kutoka kila ya kumi, nikaacha kwa sababu jibu lilikuwa wazi: karibu nusu ni ya Korongo. Hakuna aliyewahi kuzikata. Kukata kunachosha, na jani likitoka ukutani kila mtu alijua ni ya Ukuta, likitoka Korongo ni ya Korongo. Majina tuliyoyatoa kwa mahali ndiyo tukayatumia kuthibitisha mahali. Tulifanya hivyo sote, na wengine wetu tuna shahada za kufanya hivyo.

Bwana Makabati aliingia, akaona vioo vilivyopangwa mezani. Akaangalia kwenye hadubini. Akaangalia tena.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe."

"Basi sikiliza, dada yangu." Hajawahi kuniita dada. "Kamati imekuuliza swali moja: ni mbili au moja? Ni mbili. Umethibitisha vizuri kuliko mtu yeyote. Jibu swali uliloulizwa, ukae chini."

"Na hizi?"

"Hizi ni utafiti wa mwakani." Akaanza kuzirudisha bahasha kwenye droo, taratibu, kila moja mahali pake. "Korongo likishapasuliwa halirudi. Makosa ya lebo tunaweza kuyarekebisha wakati wowote. Wewe ndiye uliyeandika hivyo gazetini, Korongo halirudi. Au uliandika ili usifiwe?"

Hakuwa mpumbavu wala mwoga kama nilivyomdhania miaka yote. Macho yake yalikuwa mekundu. Analipenda Korongo kama mimi, labda kuliko mimi, na alikuwa tayari kulidanganyia.

23 Aprili

Mvua. Sijaandika makala.

27 Aprili

Mama ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta. Nilimketisha nyuma ya nyumba apate jua dogo lililochomoza, mbele ya bafu lake na ukoga wake, nikamweleza yote, hata bahasha. Alisikiliza akichezea ncha ya khanga.

"Kwa hiyo ukinyamaza, bomba halijengwi."

"Halijengwi."

"Na ukisema, Korongo linavunjwa."

"Ndiyo. Lakini Mama, nilivyokuona pale kitandani, nimewaza niseme tu, kwa ajili yako."

Akanikata jicho ambalo sijalipata tangu nikiwa na meno ya utoto. "We mtoto, usinibebeshe. Mimi ni mgonjwa, sikuajiriwa kuwa hakimu. Ukisema kwa ajili yangu, siku ukilikumbuka Korongo utanichukia mimi. Ukinyamaza, siku wakizika mtoto mwingine hapa mtaani utanikwepa. Sema kilichopo. Kama hutaki, usiseme. Lakini jina langu litoe."

Kisha akaomba maji ya kunywa, na nikaenda kuyachemsha.

5 Mei

Kamati. Nimevaa koti la kijivu, lile la mazishi, kwa sababu lilikuwa limepigwa pasi.

Wifi alikuwa na michoro yake mezani, na nilimwona amejiandaa kama bondia. Bwana Makabati alikaa nyuma yangu. Mwenyekiti akauliza: "Mama, tumalize. Ni mbili au moja?"

Nikasema: "Ni mbili." Nikaeleza trei, kiu, pindo. Nikamwona wifi anafunga faili polepole. Nyuma yangu nikasikia Bwana Makabati akishusha pumzi. Ningeweza kukaa. Goti langu lilikuwa limekwisha kuanza kukunjika.

Nikasema: "Na ile mnayoambiwa ni adimu si adimu. Iko stendi. Iko makaburini. Iko ngazi za nyumbani kwangu na bafuni kwa mama yangu. Chumba chetu kiliandika majina kwa kuangalia mahali badala ya kuangalia jani. Vioo ninavyo hapa, atakaye aje aone."

Mwenyekiti alivua miwani kama siku ile. "Kwa hiyo sheria hailindi Korongo?"

"Kwa kuvu hii, hailindi."

Kisha nikasema yote mengine. Kwamba Korongo lisipasuliwe hata hivyo. Kwamba mahali hapahitaji kuwa na kiumbe wa pekee ili paachwe, na kwamba pampu ya mto wa chini inawezekana mkiitaka kwa dhati. Nilisema vizuri, najua, kwa sababu nimesema maisha yangu yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Walinisikiliza kwa heshima, wakaandika, na kwa heshima ileile wakapiga kura. Mikono yote ikanyooka upande wa bomba. Nilipoitazama mikono ile nilimfikiria yule mshona nguo aliyempoteza mtoto wodini, nikawaza kama angepewa kura. Angekuwa na haki ya kunyoosha miwili.

Nje, chini ya baraza, wifi alinikuta nahangaika na mwavuli.

"Ulikuwa umeshinda, wifi."

"Nilikuwa."

"Sasa mbona hukunyamaza?"

"Sijui kunyamaza. Muulize mumeo."

Alitaka kucheka, ikamshinda. Akanifungulia mwavuli.

6 Mei

Bwana Makabati hakuitikia salamu. Gazeti lina barua mbili; moja inaniita msaliti, nyingine inaniita mpiga kelele aliyenunuliwa na familia yake. Ya pili ina makosa ya sarufi.

9 Mei

Nimeanza kukata bahasha zilizobaki na kuandika lebo upya. Bwana Makabati aliniona, akapita. Baadaye akarudi, akaweka karoti mezani, akaenda zake.

14 Mei

Manyunyu.

20 Mei

Leo haikunyesha. Wifi alipiga simu asubuhi: anakwenda Korongo kupima, na mshika utepe wake amelazwa, kisima kilekile. "Sikulazimishi," akasema. "Nimeona tu nikuambie kabla vigingi vya ujenzi havijapigiliwa."

Tukaingia kiubavu, yeye mbele. Alikuwa hajawahi kuingia mpaka ndani. Michoro yake yote aliifanya kutoka mdomoni mwa Korongo. Alisimama katikati. Aliweka kiganja ukutani, kikazama, akakitoa haraka kama mtu aliyegusa uso wa mtu.

"Hii ni ipi?" akauliza. "Yako au ya Ukuta?"

"Kwa macho sijui. Mpaka nikate."

"Mh." Akapangusa mkono kwenye koti, kisha akaurudisha palepale. "Wifi, nikishusha ukuta wa bwawa kule chini, pale kwenye mwamba uliolala, huku juu kungepona. Nimepiga hesabu njiani. Maji hayatakuwa na nguvu ya kufika nyumba za juu."

"Nyumba ngapi?"

"Ya kwetu ni mojawapo. Na ya yule fundi wa nguo."

Aliningoja. Nilijua kwamba ningemwambia ashushe, angeweza kushawishika, na kwamba asingenitupia lawama hata siku moja. Angeendelea tu kubeba ndoo. Niliutazama ukuta ule toka chini mpaka pale mwanga unapoingilia.

"Pima hapa," nikasema.

Akanipa ncha ya utepe. Kuibana kwenye jiwe kulihitaji kuchimbua kuvumwani, nikaichimbua kwa kidole, donge zima, mpaka jiwe likatokea jeupe na baridi. Wifi akarudi nyuma akifungua utepe, akapotea kwenye kona, na sauti yake ikaja na mwangwi: "Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usiachie."

Sikuachia mpaka aliposema basi.